Mkaa na Mitungi Yake

Kaka yangu Mkaa alipata jina lake ukutani. Alikuwa bado hajaanza shule alipookota kipande cha mkaa jikoni akamchora jirani yetu, fundi saa, kwenye ukuta wa fundi saa mwenyewe, tena upande wa barabarani. Alimchora na tumbo lake lote. Fundi saa akatoka na ndoo ya maji na brashi ya kufulia, akaanza kusugua, kisha akaacha, akarudi nyuma kidogo, akajitazama. Halafu akasugua tumbo tu. Kichwa kilibaki pale mpaka mvua zilipokifuta, na tangu siku hiyo mtoto akaitwa Mkaa. Jina la kwenye cheti likabaki kwa ajili ya walimu na polisi.

Kusema kweli ni mtoto wa mama mkubwa, dada wa mama yangu, lakini kwetu huyo ni kaka na hakuna mjadala. Tulikulia kwenye kota za wafanyakazi wa hospitali: ghorofa, ngazi za saruji, bomba jikoni na bomba jingine bafuni. Mama mkubwa alikuwa opereta wa simu pale hospitalini. Kila aliyepiga simu, awe daktari, mgonjwa au mtu wa kuleta mitungi ya gesi, alipita kwanza masikioni mwake. Alikwenda kazini na viatu vya kisigino na mkoba unaofanana na viatu, na alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilitutoa uwanjani mbio. Ya kazini ilikuwa laini kiasi kwamba wanaume walipiga simu hospitalini wakiwa wazima wa afya, ili tu waambiwe, "Naomba usubiri, nakuunganisha."

Mkaa alipomaliza shule akawa mchora mabango. Kinyozi akitaka vichwa, alichora vichwa. Fundi viatu akitaka kiatu, alichora kiatu. Ila alikuwa na kasoro moja, ambayo yeye aliiita msimamo: hakuweza kuchora kitu asichokiona. Mwenye bucha alimwomba achore paja la ng'ombe juu ya mlango. Mchora mabango mwingine angelimaliza huku anakunywa chai. Mkaa alitaka paja lenyewe, litundikwe mbele yake, na lisiguswe. Siku ya kwanza akachora mfupa. Kesho yake akachora mafuta. Nzi walipoanza kuitana, mwenye bucha akaja na kitambaa puani.

"Mkaa, ndugu yangu, naomba nyama yangu."

"Bado rangi ya kano."

"Kano inanuka!"

"Ndiyo, na rangi yake imegeuka. Itabidi nianze upya."

Bango lilipokamilika, paja lilikuwa na ukijani kidogo pembeni, maana ndivyo lilivyokuwa. Watu walisimama wakalitazama, wakakiri hawajaona picha ya kweli kama ile, halafu wakaenda kununua nyama kwingine. Mwenye bucha alilishusha bango akalitumia kufunikia shimo la choo. Mkaa hakujutia. "Mkono wangu," alikuwa akisema, "hauna kumbukumbu. Jicho likifumba, mkono unalala."

Baadaye akapata nafasi ya kusoma nje ya nchi, mafunzo ya miezi michache katika chuo cha sanaa. Miezi ikaisha, yeye akabaki. Mimi nilikuwa nimeshatangulia katika mji uleule, nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, basi akaja kwangu na sanduku moja na mkebe wa brashi.

"Dada, nisitiri wiki mbili tu," aliniambia.

Wiki mbili za Mkaa ni kama mpira wa suruali: zinavutika. Alichukua kile chumba kidogo kilichopakana na jiko, akaanza kuchora alichokiona. Alichora sinki likiwa na vyombo vyangu, na akanikataza kuviosha. Alichora chuma cha kupashia joto kikiwa kimeanikwa soksi. Alichora viatu vilivyolowa kwenye korido, lifti iliyokwama, baiskeli ya jirani iliyoibiwa gurudumu. Mimi si mjuzi wa sanaa, lakini nakuambia, ukiitazama ile picha ya soksi ulisikia joto mkononi. Kulikuwa na soksi yangu moja yenye tundu, na alilichora lile tundu kwa heshima kama mtu anayechora mlango wa jumba.

Alizibeba picha hizo akazipeleka kwenye nyumba ya sanaa katikati ya mji. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyevaa shanga kubwa kama mayai, na mimi na Mkaa tulimwita Bi Ushanga. Nilikwenda naye kama ndugu, nikakaa kwenye kiti ambacho baadaye niliambiwa si kiti, ni kazi ya msanii fulani.

Bi Ushanga alizitazama picha moja moja, akikunja shingo huku na huku.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini wewe uko wapi humu?"

Mkaa akaonyesha kwa kidole. "Nilisimama hapa, karibu na friji."

"Hapana. Namaanisha kwenu. Kwenu iko wapi?"

"Ghorofa ya nne. Mlango wa pili ukitoka kwenye lifti."

Bi Ushanga akatabasamu kwa subira, kama daktari wa meno. "Namaanisha ulikotoka. Jua lake. Vumbi lake. Yale maumivu ya kuondoka."

"Maumivu gani? Niliondoka kwa ndege. Walinipa kuku."

Yule mama hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Mkaa na kumwambia kwamba anaelewa, kwamba watu waliopitia makubwa huficha kidonda kwa mzaha, na kwamba siku kidonda kitakapofunguka, mlango wake utakuwa wazi. Tulirudi nyumbani na soksi zetu kwapani.

Mkaa hakula siku ile. Siku zilizofuata alikuwa akizunguka jikoni akiuliza, "Dada, sisi tuna maumivu gani?" Nikamwambia mimi ninayo ya mgongo. Akasema hayo hayachoreki. Mwishowe akatoka akaenda dukani akarudi na chombo kikubwa cha maua, cha udongo, na taulo.

Nilikuwa nimetoka kazini, bado nimevaa sare, sijavua hata kitambulisho.

"Simama hapo dirishani," akasema. "Weka hiki kichwani."

"Ili iweje?"

"Wewe ni mama yetu. Unatoka mtoni."

"Mama yetu yupi aliyetoka mtoni? Mama mkubwa mto aliuona kwenye ramani!"

"Dada, nisaidie. Inama kidogo. Fanya kama una huzuni."

"Nimesimama tangu asubuhi nikigeuza wazee vitandani. Huzuni ninayo, sina haja ya kuifanya."

Basi nikasimama. Shingo yangu ilikuwa imekaza upande mmoja kwa sababu ya mto mbaya niliolalia, na yeye akaichora hivyo hivyo, imepinda, maana mkono wake ulikuwa bado haujajifunza kudanganya. Uongo ulikuwa kwenye vitu vingine tu. Sare akaigeuza kitenge. Dirisha akaligeuza jua. Chuma cha kupashia joto akakigeuza milima.

Bi Ushanga alipoiona picha ile alishika shanga zake zote kwa pamoja. Akaipa jina yeye mwenyewe: *Mama, Maji, Machozi*. Ilinunuliwa kabla rangi haijakauka vizuri, na mhakiki mmoja wa gazeti akaandika kwamba katika mpindo wa shingo ile tunasoma kiu ya vizazi vitatu. Nilikata kile kipande cha gazeti nikakibandika kwenye friji. Siku hiyohiyo nilinunua mto mpya.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu aliyatia kwa mitungi. Alichora mama mwenye mtungi mmoja, mama mwenye mtungi na mtoto, akina mama wengi wakiwa wamepanga foleni na mitungi yao kama watu wa benki. Mwanzoni alinihitaji nisimame. Chombo cha maua kilipovunjika akawa ananiwekea birika la plastiki. Baada ya muda hakunihitaji kabisa, mimi wala birika. Alipanga turubai ukutani, akapita akipaka anga zote, akarudi akipaka ardhi zote, akapita tena akiweka shingo. Mkono uliokuwa ukilala jicho likifumba, sasa ulikuwa ukifanya kazi huku jicho linatazama mpira kwenye simu.

Na mtu mwenyewe akabadilika. Alinunua kanzu ndefu yenye mistari, ya nchi ambayo mpaka leo hakuna anayeijua, akaanza kuongea polepole kama mtu anayevuka mto wenye utelezi. Mahojiano yake ya redio niliyasikia nikiwa kazini, nikimbadilishia shuka mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa meli.

"Sisi kwetu," ilisema sauti ya kaka yangu, "hatuchori. Tunaota, na ardhi inachora."

Mzee akanitazama. "Si ndugu yako yule?"

"Ndiye."

"Anaumwa?"

"Hapana, babu. Anauza."

Sikumlaumu sana, nisijifanye malaika. Friji lilijaa, na alihamia nyumba yake mwenyewe, nikapata jiko langu. Ila kila nilipopita kwake nilitafuta picha moja, hata ndogo, ya kitu kilichokuwa mle ndani, kikombe, kiti, chochote. Haikuwepo. Nilipomuuliza alisema vikombe havina kina.

Sasa Bi Ushanga, katika upole wake, akaamua kumfanyia jambo kubwa. Palikuwa na maonyesho yake yanakuja, ukumbi mzima mitungi mitupu, na katikati picha ndefu kuliko mlango, iliyoitwa *Mama Yangu*. Bila kumwambia Mkaa, akaniuliza mimi jina na namba ya simu ya mama mzazi, akamtumia tiketi ya ndege. Nilipaswa kumzuia. Lakini nilikuwa na hamu ya kumwona mama mkubwa, na, kwa kweli, nilikuwa na hamu ya kuona kitakachotokea.

Nilikwenda uwanja wa ndege pamoja na Bi Ushanga, ambaye alikuwa amebeba shuka zito ili amfunike mgeni. Abiria wakatoka. Mama mkubwa akaja na viatu vya kisigino, koti la kiuno chembamba, miwani imening'inia kwenye cheni, akivuta sanduku la magurudumu. Bi Ushanga akawa bado anatazama nyuma yake, akimtafuta.

"Ndiye huyu," nikasema.

"Huyu?" Shuka likashuka taratibu.

Mama mkubwa akampa mkono, na kwa ile sauti ya kazini, katika lugha ya wenyeji aliyoizoea kwa kuwaunganishia simu madaktari wa kigeni miaka yote ile, akasema, "Habari za mchana. Nashukuru kwa mwaliko. Mwanangu hajambo?" Bi Ushanga akajibu hajambo, lakini njia nzima ndani ya teksi alikuwa akimtazama pembeni kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa watu waliovaa nyeusi, wakiwa na glasi mkononi, wakinong'ona. Mkaa alisimama katikati na kanzu yake ya mistari. Alipomwona mama yake akiingia, uso wake ulifurahi kwanza, kama wa mtoto. Kisha akakumbuka alichovaa. Kisha akakumbuka kilichokuwa ukutani nyuma yake.

"Mama! Umefikaje?"

"Kwa ndege. Nimepewa kuku. Hebu sogea nione."

Akavaa miwani. Watu wakanyamaza, maana Bi Ushanga alikuwa ameshawaambia kwamba leo mama mwenyewe atasimama mbele ya sura yake. Mama mkubwa akaitazama picha ile kuanzia juu, kwenye mtungi, akashuka shingoni, akapita kwenye kitenge kilichochakaa, akafika kwenye miguu mitupu yenye vumbi, akapanda tena juu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni... ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Kwa namna fulani."

"Namna ipi hiyo? Mwanangu, mimi mtungi nimeubeba lini? Kota tulikuwa na mabomba mawili. Na hivi viatu vyangu viko wapi? Umenivua viatu mbele za watu?"

"Ni sanaa, mama. Ni kama alama ya..."

"Na hii shingo si yangu."

"Ni yangu, mama mkubwa," nikasema. Sikuweza kujizuia. "Nililalia mto vibaya."

Bi Ushanga akanivuta mkono. Alitaka kujua mama anasema nini, wageni wote wanataka kujua. Mkaa akanitazama kwa macho ya mbuzi aliyeona kisu. Nilikuwa bado natafuta la kusema, lakini mama mkubwa hakuwa mtu wa kusemewa. Alijigeuza akawakabili, akaunganisha mikono juu ya mkoba, na ile sauti laini ya miaka yote ikatoka na kufika mpaka mlangoni.

"Samahani sana," aliwaambia. "Mmekosea namba."

Kisha mtu mmoja wa nyuma akapiga makofi. Mwingine akafuata, na ukumbi mzima ukalipuka. Mwanamke mmoja alikuwa akilia. Mhakiki wa gazeti aliandika mbio, akimnong'oneza jirani yake: "Mama anaikana taswira! Anaikana hadharani!" Mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo akasukuma watu, akamfikia Bi Ushanga na kusema anaichukua picha ile sasa hivi, pamoja na kukanwa kwake. Bi Ushanga akamkumbatia mama mkubwa na kumwambia kwamba kesho waje warudie, kuna watu wa televisheni.

Mama mkubwa akaniuliza kwa Kiswahili, "Wameelewa nilichosema?"

"Neno kwa neno."

"Mbona wanafurahi?"

Nikamshika mkono. Tulitoka. Mkaa alitufuata mpaka barabarani akiwa ameshika upindo wa kanzu asije akajikwaa, na teksi ya kwanza ilimpita kwa sababu dereva alidhani anatangaza mkahawa.

Mama mkubwa alifikia kwa mwanawe, na siku ya pili yake nilipokwenda kuwaona niliwakuta jikoni, kila mtu na chai yake. Mkaa alikuwa amevaa fulana. Alijaribu kueleza: kwamba alianza na soksi, soksi hazikutakiwa, kwamba hawa watu wana kiu yao na yeye aliwapa maji tu. Mama mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, kama alivyosikiliza watu maisha yake yote.

"Sikukasirika kwa sababu ya mtungi," akasema. "Bibi yangu alibeba mtungi, na alikuwa mtu mzima na akili zake. Ungemchora yeye ningelia. Lakini hukumwona. Na mimi umeniona kila siku, hukunichora."

Mkaa akatazama kikombe.

"Nichore sasa," mama yake akasema. "Nimekaa. Siendi popote mpaka tarehe ya tiketi."

Ungedhani hapo mambo yakanyooka. Thubutu! Aliweka turubai, akachanganya rangi, akaanza, na kabla ya mchana kwisha palikuwa na yule mwanamke wa mitungi amekaa kwenye kiti cha jikoni: shingo ndefu, macho yameinamia chini, midomo ya huzuni. Akaikwangua. Akaanza tena. Shingo ikarefuka tena. Mkono ulikuwa umezoea njia yake kama punda wa mchota maji, ukimgeuza hivi anarudi kulekule.

"Mama, usisogee."

"Sijasogea. Wewe ndiye unayesogea."

Aliikwangua mara nyingi mpaka turubai likaanza kupata upara. Nilimkuta siku moja amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono imejaa rangi, na hakuwa akiigiza kwa ajili ya redio. "Dada," akaniambia, "naangalia, lakini sioni. Nimewaza ni macho. Nimekwenda kupima, macho mazima."

Mama mkubwa hakumhurumia, wala hakumsuta. Alikaa pale dirishani kila siku, miguu juu ya chuma cha joto, bila viatu safari hii, kwa hiari yake, na kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alipiga simu. Aliwapigia ndugu wote nyumbani. Alimpatanisha mjomba na mkewe. Alimtafutia kazi mtoto wa jirani. Alimuunganisha mtu wa huku na mtu wa kule, simu moja sikio hili, nyingine sikio lile. Na siku moja, akiwa kwenye simu, akainua kichwa kumsikiliza mtu vizuri, na nywele zikasogea, na Mkaa akasimama.

"Mama, sikio lako la kushoto limekuwaje?"

"Limekuwaje?"

"Limelala. Limebanwa kichwani. La kulia halikulala."

"Ah, hilo. Ni vile vya kusikilizia simu kazini. Vilibana upande huo. Na hapa juu nywele haziotagi vizuri, ule mkanda ulipopita." Akapapasa utosi wake. "Ulikuwa hujui?"

Hakuwa anajua. Mimi pia nilikuwa sijui, na nilisukwa nywele miguuni pa huyu mwanamke. Mkaa alichukua brashi ndogo kuliko zote, akasogeza kiti karibu kabisa, akaanza na lile sikio. Sikio tu. Alishinda nalo kutwa, akitazama, akipaka, akifuta kwa kidole. Siku ya pili yake akapita kwenye ule mstari wa nywele, akashuka kwenye shavu, na shingo alipoifikia ilikuwa fupi, yenye mikunjo, na cheni ya miwani imelala juu yake. Alikuwa amerudi kazini. Nilijua hivyo kwa sababu aliponiona naosha kikombe kilichokuwa mezani alinifokea kama zamani.

Picha ilipokamilika aliipeleka kwa Bi Ushanga. Nilimsindikiza, safari hii nikasimama.

Bi Ushanga aliitazama muda mrefu. Nitamtendea haki: kuna mahali uso wake ulilegea, na nadhani alimkumbuka mtu. Lakini akajikusanya.

"Ni kazi safi," akasema. "Ila huyu anaweza kuwa mama wa mtu yeyote."

"Hawezi," Mkaa akasema. "Ni wangu."

"Watu watauliza maumivu yako wapi."

"Hapa sikioni."

"Hawataona hapo, mpenzi. Weka kitu cha kuwaongoza. Mtungi mdogo, hata kule nyuma, juu ya kabati. Hata kivuli chake."

Nanyi msifikiri alikataa papo hapo kama shujaa. Alikuwa na kodi ya nyumba mpya. Alirudi nayo nyumbani, akaiegemeza ukutani, na nikamwona akilitazama lile kabati la kwenye picha, akipima kwa jicho.

Mama mkubwa alikuwa anakunja nguo zake ndani ya sanduku. "Weka tu," akamwambia bila kugeuka. "Lakini uweke na mimi nikikuuliza mtungi huo ni wa nani."

Mkaa akacheka, cheko la kwanza tangu maonyesho. Akachukua turubai, akaligeuza, akaandika nyuma jina la mama yake kamili na cheo chake cha kazi, akampa.

Basi ndivyo alivyotoka kwenye nyumba ya sanaa. Bi Ushanga hakuteseka. Kabla mwaka haujaisha alipata kijana mwingine, msichana aliyekulia kwenye ghorofa ya kumi na kitu katika mji wa viwanda, ambaye sasa anachora ngamia. Nasikia wanauzika vizuri. Mkaa alirudisha nyumba, akahamia chumba kidogo, akaajiriwa na kampuni ya kupaka rangi majumba. Siku tano kwa juma anapaka kuta nyeupe, na anasema afadhali nyeupe, haijifanyi kuwa kitu kingine. Kanzu ya mistari ameikata kuwa matambara ya kufutia brashi.

Picha ilikwenda na mwenyewe. Mama mkubwa aliitundika sebuleni, na ndugu wakaja kuitazama, na huko nako usidhani ilipokelewa kwa vigelegele. Mjomba alisema huko ughaibuni miaka yote hiyo, angalau angemchora mama yake na tabasamu. Shangazi akasema amemzeesha. Mtoto wa jirani, yule aliyetafutiwa kazi, akauliza kama Mkaa hawezi kutumia ile programu ya simu inayolainisha ngozi. Mama mkubwa aliwajibu wote kwamba wakitaka mwanamke mwenye ngozi laini kuna kalenda ya kiwanda cha sabuni jikoni. Na kila mgeni akishaondoka, ananiambia kwenye simu, anakwenda kioo cha bafuni kuangalia lile sikio.

Siku za Jumapili Mkaa huja kazini kwangu. Wasimamizi walimruhusu baada ya mimi kuapa kwamba hatadondosha rangi sakafuni, na amedondosha. Huchora wazee. Si kazi rahisi, kwa sababu wazee wana maoni. Yule nahodha alitaka achorwe na kofia ambayo hanayo tena, Mkaa akakataa kuchora kofia asiyoiona, wakanuniana majuma mawili mpaka mjukuu akaileta. Bibi mmoja aliyekuwa akifundisha watu kuogelea alitaka mabega yake, si uso, akafungua vifungo vya gauni pale ukumbini na wauguzi wakakimbilia kufunga pazia. Mkaa akamchorea mabega yake, mapana bado, yenye madoa ya jua la zamani.

Jumapili iliyopita nilikuwa nikigawa dawa alipokuwa akimmalizia bibi huyo kidevu. Bibi alimtazama kwa udadisi, kama ndiyo kwanza amgundue.

"Kijana, wewe kwenu ni wapi?"

"Nyanyua kidevu kidogo."

"Nimekuuliza kitu."

"Nimesikia, bibi," akasema, jicho moja limefumba, brashi imesimama hewani. "Kidevu kwanza."